Jua Nyuma ya Kofia ya Mzee Hamisi

Jamani, nicheke nanyi tu, lakini mkasa huu nausimulia huku natamani kufunika uso, maana kuna aibu ambazo mtu akizeeka hugeuka kichekesho, ila hii yangu bado inanichoma masikio kila nikipita mtaa wa Chemchem, na wapo kina mama pale ambao mpaka leo wakiniona huulizana kwa sauti, "Leo kamzika nani huyu?"

Wakati ule, miaka watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa mpiga picha katika studio ya Bwana Premji, Mhindi mmoja mpole mwenye duka karibu na soko hapa Tabora, na nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Hamisi, fundi seremala na balozi wetu wa nyumba kumi, nikimtaka binti yake Zuhura. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alisema anakwenda kwanza Tura kumtazama ndugu yake aliyehamia kijiji kipya, akirudi atanipa jibu, ila kabla ya safari nimpige picha moja nzuri ya kutundika sebuleni. Mnaona mambo hayo? Mkwe mtarajiwa, picha moja, na jibu la Zuhura linaningoja! Nikasema hapa ndipo nitakapomwonyesha mimi ni nani.

Sasa, siku zile zile nilikuwa nimeona kwenye ukurasa wa gazeti la Ulaya (lilikuja dukani limefungiwa vioo vya fremu) picha ya msichana aliyeligeuzia jua mgongo, mwanga umemwagika picha nzima kama maziwa, weusi wote umegeuka kijivu, na viduara vya nuru vinaelea begani kwake. Wallahi sikulala! Kesho yake jioni nikaachana na taa za studio, nikamtoa mzee uani, nikamkalisha kwenye kiti jua likichungulia nyuma ya kofia yake, nikachomoa kile kikofia cha lenzi kinachozuia jua, nikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho, nikawa nainama na kuinuka hadi miali ikaingia yenyewe ndani ya kioo.

"Rashidi, mwanangu, mbona jua liko kisogoni kwangu?"

"Tulia tu, mzee wangu, huu ndio mtindo wa kisasa."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Basi kule kwenye chumba cha giza, picha ilipoanza kujitokeza ndani ya dawa, nusura nipige vigelegele peke yangu! Uso umekuwa mweupe mweupe, kingo za kanzu zinayeyuka, macho yanaonekana kwa mbali, na duara moja la nuru limekaa juu ya bega. Nikaikuza ikawa kubwa kuliko picha zote za dukani, nikaitia kwenye fremu nyeusi (ndiyo iliyokuwepo, msinilaumu), na Jumatano asubuhi, mzee akiwa bado Tura, nikaiweka katikati ya dirisha la duka bila kumuuliza mtu yeyote, hata Bwana Premji.

Na watu walisimama, eeh! Nilikuwa nachungulia kupitia pazia na moyo unanidunda kwa raha. Mzee mmoja aliinua viganja. Bi Chausiku, jirani yake Mzee Hamisi, aliweka kikapu chini, akashika kifua, akanijia mlangoni.

"Ndiye Mzee Hamisi kweli?"

"Ndiye! Mtazame vizuri."

Akaondoka mbio, kikapu kakisahau. Nikajisema, Rashidi, umewagusa watu.

Mchana nikavaa shati langu jipya nikaenda Chemchem kuvuna sifa. Nafika, naona mikeka imetandikwa mpaka barabarani, wanaume wamekaa kimya, ndani kina mama wanalia, na sauti ya Zuhura iko juu ya zote. Nikauliza nani. Nikaambiwa Mzee Hamisi. Ndugu zangu, nikaanguka mkekani nikalia kuliko wote, nikimlilia mzee na nikililia posa yangu, mpaka watu wakanishika mabega kunituliza. Ndipo kati ya kwikwi nikamuuliza niliyekaa naye habari imeletwa na nani kutoka Tura.

"Aah, si picha yake iko pale kwa Premji, imepauka vile vile."

Machozi yakakatika papo hapo. Maana Tabora nzima ilijua picha za namna ile ni za nani. Mtu akifariki, jamaa zake walituletea kipicha chake cha zamani, kidogo na kimechakaa, tukakikuza, kikatoka kimepauka na uso uko ukunguni, kikakaa dirishani mpaka wenyewe waje kukichukua. Na fundi wa kuzitengeneza picha hizo za marehemu alikuwa nani? Mimi hapa!

Nilikuwa nainuka nitoroke, mara Mzee Hamisi huyo anatokea upande wa stesheni, kuku wa Tura kwapani, akaona mikeka, akatupa kuku, akapiga ukelele, "Jamani, nani kafa kwangu?"

Bi Chausiku alizimia. Zuhura alitoka mbio akamkumbatia baba yake, na mimi, mbele ya mtaa mzima, ikanibidi nisimame na shati langu jipya nieleze habari za jua na lenzi. Mzee aliongoza njia mpaka dukani, msiba wote nyuma yake, akasimama mbele ya dirisha akajitazama.

"Huyu," akasema, "hata mimi ningempa mkewe pole."

Zuhura alininunia kiangazi kizima, na jibu la posa likakaa kimya muda huo huo, mpaka siku mzee aliponiita akasema binti nimepewa, lakini siku ya harusi nisiguse kamera. Tukapigwa picha na mpiga picha wa stesheni, adhuhuri, jua linatuchoma usoni, Zuhura amekunja pua, mimi kama niliyeng'ata ndimu. Tangu hapo nimekula yamini, jua la mteja halikai kisogoni, hata aombe mwenyewe.

Picha ile mbaya ya harusi ndiyo Mzee Hamisi aliyoitundika sebuleni, na kila mgeni alimwonyesha kwa kidole: "Hapa, unaona, kila mtu yuko hai."