Mfalme wa Thebe Hakujua

Silvesta Wekesa alianza kulinda lango kule Pearl, Doha, kisiwa kikiwa bado mchanga na winchi. Shule aliiacha mapema. Mengine alijisomea katika vitabu ambavyo wapangaji walitupa walipohama. Katika kimoja alimkuta Edipo, mfalme wa Thebe, aliyemwoa mama yake mzazi na kuzaa naye watoto bila kujua. Alipojua, alijitoboa macho.

Silvesta alishtuka wiki nzima. Kwao Bungoma, zamani, vijana waliulizana ukoo wa baba na wa mama hata kabla ya majina.

Ijumaa moja mwaka 2013, siku ya mapumziko huko, baada ya kanisa, aliitwa mtaa wa Al Thumama. Nahashon, dereva kijana wa kwao, alitaka kumposa Nafula, yaya katika nyumba ya Waarabu. Silvesta ndiye angezungumza na babu yake Nafula kwa simu. Wakaketi chini, kuku katikati.

"Binti, kabla ya simu, ninyi ni ukoo gani?"

"Babuya, mzee."

Mkono wa Silvesta ukasimama juu ya sinia. Mama yake Nahashon alikuwa wa Babuya, na mtu haoi kwa wajomba zake. Akawasimulia habari za Edipo, polepole, kwa huruma, akingoja walie.

"Pole yake mfalme," Nahashon akasema, akivunja paja la kuku. "Sisi tulijua."

"Mlijua?"

"Tangu nyumbani," Nafula akasema. "Ndiyo maana tukaja huku. Doha unaulizwa kitambulisho, huulizwi ukoo. Na wewe umekaa sana Uarabuni, tukadhani umesahau. Nahashon, nipe pilipili."

Silvesta akatokwa na jasho chini ya kiyoyozi. Mfalme angalau hakujua. Hawa walijua, na walikuwa wakila.

Nafula akapiga simu, akampa. Silvesta alikwishakata shauri: babu atauliza, naye atajibu kweli, na posa ife hapo hapo.

Babu akauliza habari za joto. Akauliza kama kijana ni mlevi. Kisha akasema, "Basi, sisi hatuna neno."

"Mzee mwenzangu," Silvesta akasema, "hujaniuliza ukoo. Mama wa kijana ni wa Babuya."

Babu akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe huko Uarabuni bado mnaulizana hayo?"

Silvesta akamrudishia Nafula simu yake. Nafula akamsogezea bakuli la pilipili.