Uji wa Wimbi Ndani ya Injini

Mkwe wangu Muigai hulala chini ya magari. Ndiyo kazi yake, huko Kitale nyuma ya soko, kwa gereji isiyo na paa, udongo wake mweusi kwa oili. Hutandika katoni, akaingia, miguu ikabaki nje. Ukitaka kumsalimia unasalimia viatu. Nati ikikataa kufunguka hatukani kama wengine. Anaiambia, "Pole, pole mama," halafu anaikazia mkono.

Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba kidogo hapo Trans-Nzoia. Mama yake, Bilha, mpaka leo anauza sukuma kwa kibanda. Shule ilimshinda huyu kijana, ama ni karo ilishinda wazazi, sijui. Sikuwahi kuuliza. Nilijua tu alimuoa binti yangu Nekoye, na hakuwa yule mtu niliyetaka.

Kwetu Wabukusu mama mkwe hampi mkwe wake mkono. Hakai naye chumba kimoja, hali mbele yake. Ni heshima, na tuliikuta. Lakini mimi niliiongeza. Muigai akija kwangu Naitiri, chai yake inapelekwa na watoto huko karibu na ghala la mahindi, na mimi natoka kwa mlango wa jikoni naenda shambani mpaka arudi kwao. Watu wakasema huyo mama anajua mila. Nikapenda wakisema hivyo.

Sasa kuna pikapu. Mzee wangu alipokufa aliniachia hiyo, na ndiyo inabeba kabichi na vitunguu vyangu kwenda Kitale, siku zingine mpaka Bungoma. Wakoli, mtoto wa ndugu yangu anayeniita senge, yaani shangazi, ndiye anaendesha. Kijana wangu wa kwanza, Mukhisa, anafanya kazi ya ofisi Bungoma, na hiyo pikapu haipendi.

"Mama," aliniambia, "ikizima njiani mara nyingine, naiuza chuma chakavu. Uje ukae kwangu upumzike."

Kupumzika! Kukaa kwa kiti ndani ya nyumba ya Fridah, bibi yake, nikiulizwa kama nimemeza dawa. Mimi bila pikapu ni mzigo wa kuhamishwa tu. Nikamwambia haitazima.

Haikupita muda nikaona udongo umelowa chini yake asubuhi. Wakoli akainama, akachungulia, akajikuna kichwa.

"Senge, inavuja mahali huku ndani. Najaza maji, maji yanaisha. Si twende kwa Muigai aangalie?"

"Huyo hapana."

"Basi fundi gani?"

"Nimesema huyo hapana."

Mimi nimepika tangu niko msichana. Chungu kipya kikivuja hukitupi. Unakipikia uji mwembamba, uji unaingia kwa vile vitundu, unakauka, chungu kinaziba. Nikajiuliza, injini ni nini kama si chungu cha kuchemsha maji? Nikakoroga unga wa wimbi kwa maji baridi, nikamimina kwa radieta. Kesho yake udongo ulikuwa mkavu.

"Unaona?" nikamwambia. Nilitembea hiyo siku kama mtu amejenga daraja.

Siku ya soko tukapakia kabichi. Tulipokaribia Kitale, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, moshi mweupe ukatoka kwa boneti, na harufu ikaingia ndani ya gari. Harufu ya uji umeungua. Wakoli akasimamisha kando ya barabara, akatoa simu bila kuniuliza. Nilijua anampigia nani. Ningemzuia, lakini nilifikiria kiti cha Fridah, nikamwacha apige.

Muigai akaja na kamba na gari ya rafiki yake Gikonyo, wakatuvuta mpaka gereji. Alinisalimia akiwa mbali, macho chini, vile mkwe anatakiwa. Mimi nikajibu nikiangalia kabichi.

Akangoja injini ipoe. Halafu akafunika kifuniko cha radieta na kitambaa, akafungua polepole. Kitu cha kahawia, kizito, kikajitokeza kwa mdomo wa radieta kikakaa hapo. Mafundi wakasogea.

"Ati nini hii?" Gikonyo akauliza. Akachovya kidole, akanusa. "Wazee, ni uji! Uji wa wimbi!"

"Kuna sukari?"

"Leta kikombe bana, mimi sijakunywa chai!"

"Dereva, hii gari iko na watoto wangapi inalisha?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakoli aliangalia viatu vyake. Muigai peke yake hakucheka, na hakugeuka kuniangalia. Alisema tu, "Hiyo ni dawa ya kuziba ya kienyeji. Watu wengi wanaweka. Nileteeni mpira wa maji." Akanifunika hivyo mbele ya watu, na mimi hata asante sikutoa.

Akaingia chini na tochi. Kidogo akaita, "Wakoli, njoo uone." Wakoli hakuelewa alichoonyeshwa, basi nikasogea mwenyewe, maana gari ni yangu. Ubavuni mwa injini kuna vifuniko vidogo vya bati, mviringo kama kifuniko cha mkebe wa rangi, vinaziba matundu. Wanaviita plagi za bloku. Kimoja, kile kimejificha nyuma ya bomba la moshi, kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kimetoboka.

"Maji ya kisima yana chumvi," akasema kutoka chini, akiongea na Wakoli ili asiongee na mimi. "Yanakula hii bati kutoka ndani. Hapa huwezi kuziba. Ni kutoa na kuweka mpya."

Akafungua bomba la moshi kwanza, apate nafasi. Akagonga plagi upande mmoja na patasi mpaka ikageuka ubavu, akaishika na koleo. "Pole mama," akaiambia, akavuta.

Uji wote uliobaki kwa bloku ukamwagika. Uso, shingo, kifua. Akatoka chini ya gari kwa mgongo akikohoa, na kwa vile ulikuwa bado na moto akavua shati hapo hapo. Na mimi nilikuwa nimesimama juu yake.

Mama mkwe kuona mwili wa mkwe wake! Mwanamke wa kwetu anayeuza githeri pale gereji akasema "Uui!" akageukia ukuta. Hakuna aliyecheka tena. Sikujua pa kuweka macho. Nikavua leso yangu mabegani nikamrushia, ikamwangukia kichwani. Akajifunga nayo, maua yake mekundu na yote, akasema, "Asante, Mama." Uji wangu ulikuwa bado unamdondoka kwa masikio.

Hapo ndipo simu ikalia. Simu yangu iliharibika pale pa kusikilizia, lazima niweke spika, ile sauti ya kupayuka.

"Mama, nasikia mmezima!" Ni Mukhisa. Watu wa soko walikuwa wameshampasha habari. "Mimi niko na mnunuzi. Uko wapi?"

"Kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Wa hapa nyuma ya soko."

"Usiniambie ni Muigai." Akacheka. "Si ni wewe ulisema hata punda halali chini ya mkokoteni wake? Ulisema Nekoye amejitupa kwa oili! Leo ndiye unampa gari?"

Nilitafuta pa kubonyeza ili kuzima, vidole vikakataa. Gereji nzima ilisikia. Muigai alikuwa akisugua lile tundu na msasa, kichwa kimeingia kwa boneti, leso yangu mgongoni. Mkono wake ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Mukhisa anapenda mzaha," nikasema. "Sijawahi kusema hayo."

Ukitoa salamu, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwongelesha mwenyewe, moja kwa moja. Na ilikuwa uongo.

Hakuinua kichwa. "Mama, wacha tu. Siku hiyo nilikuwa nje ya dirisha, nikingoja kuitwa. Dirisha lilikuwa wazi."

Miaka hiyo yote! Miaka yote amekunywa chai yangu kando ya ghala akijua ninayosema ndani. Na mimi nikipita kwa mlango wa jikoni, nikijiita mama wa mila.

Akanyoosha mkono, akaomba simu. Nilimpa. Vidole vyetu viligusana.

"Shemeji," akamwambia Mukhisa, "kosa ni plagi moja ya bloku. Kutu. Injini ni nzima kabisa, ukiiuza chuma utakuwa umetupa gari. Jioni itakuwa Naitiri."

"Kwani kwa maji kuliingia nini? Nasikia ati uji..."

"Kutu, shemeji. Ni kutu tu."

Mukhisa akaguna. "Haya. Kama wewe umesema." Akakata. Na hivyo pikapu ikabaki yangu, si kwa maneno yangu.

Akaosha bloku na radieta kwa mpira wa maji mpaka maji yakatoka meupe. Akapaka gundi kwa plagi mpya, akaiweka kwa tundu, akatia soketi ya spana inayoingia ndani yake sawasawa, akagonga kidogo kidogo, akizunguka, isiingie upande. Akarudisha bomba la moshi. Akajaza yale maji ya kijani ya dukani, ya kupoza injini. Wakoli akawasha. Tukangoja injini ipate moto.

"Mama," akasema, "njoo uangalie mwenyewe, usije ukaambiwa."

Nikapiga magoti kwa ule udongo wa oili na gauni yangu ya soko. Yeye akainama upande ule mwingine, akimulika na tochi.

"Kunavuja?"

"Hapana," nikasema. "Ni kukavu."

"Angalia vizuri."

Nilikuwa nimeshaangalia. Lakini nilikaa huko chini nikiendelea kuangalia, mpaka Wakoli akauliza kama magoti yamenikataa, kwa sababu nikiinuka ingebidi nimtazame Muigai usoni.