Kiti cha Yu Tarmi Hakioni Haya

Saa kumi na nusu alfajiri. Sutarmi anaweka mguu wa kushoto kwenye pedeli, anajisukuma hatua tatu kwa mguu wa kulia, kisha anapanda. Anakaa taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kama ni ya moto. Akishakaa, anageuka nyuma na kumtazama bintiye.

"Umeona? Nimekaa!"

"Nimeona, Bu. Lakini hapo ni mlangoni kwako. Bado kilomita ishirini na tano," anajibu Retno, aliye juu ya pikipiki. Bu ni mama, na ndivyo huitwa mwanamke yeyote mzima. Nyuma yake amempakia mwandishi wa makala haya, na tunaondoka kwa mwendo wa konokono.

Leo ni siku ya mtihani. Sutarmi ana miaka hamsini na sita. Kuanzia kijijini kwake Srandakan hadi soko la Beringharjo mjini Yogya, kila mtu anamwita Yu Tarmi, dada Tarmi, hata watoto ambao angeweza kuwa bibi yao. Kwa miaka thelathini na moja amepeleka tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, mjini kwa baiskeli, matenga mawili ya mianzi yakining'inia nyuma, moja kila upande.

Makubaliano na bintiye ni haya. Akifika mjini bila kusimama njiani, kisha akakaa kitako kunywa chai, baiskeli inabaki yake. Akishindwa, inauzwa leo leo. Mnunuzi yupo: bwana mmoja mkusanyaji wa baiskeli kuukuu, ameahidi rupia milioni tatu, na saa moja asubuhi atakuwa kwenye banda la chai pale sokoni, pesa mfukoni.

"Anafundisha darasa la tatu huyu," Yu Tarmi anapaza sauti huku akinyonga pedeli. "Anadhani na mimi ni mwanafunzi wake!"

"Wanafunzi wangu wakiumia wanasema," Retno anamrudishia.

Na hapo ndipo kisa kizima kilipolala.

Siku nzuri, Yu Tarmi hubeba vifurushi mia nne vya tempe, kila kimoja kimefungwa kwa jani la mgomba. Kifurushi ni rupia elfu moja. Akishatoa soya na kuni, hubakiwa na kama elfu tisini. Mumewe alifariki Retno akiwa na miaka saba, na ni njia hiyo hiyo iliyomsomesha mtoto hadi akawa mwalimu huko Magelang.

"Na uandike vizuri, baiskeli hii si urithi wa mume," anasema. "Niliinunua mwenyewe, kwa mafungu manne. Watu wa magazeti mnapenda sana kuandika urithi."

Retno amewahi kutaka kumnunulia pikipiki. Mama hataki hata kusikia. "Nikipita kwa pikipiki, nani ataniwahi? Kwa baiskeli mtu anatoka jikoni mikono ina unga, anasema Yu, hebu simama, nipe kumi. Pikipiki ingekuwa imeshafika Yogya na tempe zake zote!"

Tatizo lilianza masika yaliyopita. Palitoka upele, upele ukawa kidonda, kidonda kikawa jipu. Pahali penyewe ni pale panapokutana mtu na kiti. Huku kwetu mwanamke mzima hatamki jina la pahali hapo mbele za watu, na Yu Tarmi ni mtu wa huku kwetu hasa. Akiulizwa kinachomsumbua, alisema kiuno.

Basi kikatibiwa kiuno. Bibi mkandaji wa kijijini alimkanda kiuno Ijumaa nne mfululizo. Zahanati walimpa plasta za moto, akazibandika kiunoni akatembea ananukia kafuri. Jirani akamletea mkanda wa kubana kiuno. Kiuno chake, ambacho hakikuwa na kosa lolote, kilihudumiwa kama cha malkia.

"Nilikuwa nasema asante, nimepata nafuu," anasimulia Yu Tarmi. "Ungetaka niseme nini? Mtu ameshakukanda saa nzima!"

Huku nyuma alijitibu mwenyewe. Alichukua mto wa sufi akaufunga juu ya kiti. Ulipolala, akaongeza wa pili. Mvua ilipozidi akaifunika yote kwa mfuko wa plastiki. Sasa akawa amekaa juu kiasi kwamba pedeli ikifika chini vidole vya mguu ndivyo vinavyoigusa, na kwa kila mzunguko nyonga zinayumba kushoto na kulia. Kilomita hamsini na tano kwa siku, kwenda, kuuza na kurudi. Jasho halina pa kutokea. Ndiyo kwanza jipu likanawiri.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani Retno alikuja kusafisha kaburi la baba yake, kama watu wote wafanyavyo kabla ya mfungo. Baada ya dua watu waliketi mkekani kula. Mama yake alisimama, anagawa wali, anagawa chai, anasema hana njaa. Kesho yake, akimfulia nguo, Retno aliona damu kwenye suruali.

"Nililia pale pale kisimani," anasema Retno. "Nilijiuliza, mama yangu amekaa juu ya kidonda miezi mingapi na mimi nimevaa sare ya ualimu aliyonisomeshea? Nilikasirika pia. Nikamwambia, una mpaka Idi. Baada ya Idi kama bado, baiskeli inaondoka."

Yu Tarmi aliogopa. Si jipu lililomtisha, bali siku bila njia yake. Akaenda kwa Pak Ngadiran, yaani bwana Ngadiran, fundi wa viti vya baiskeli pembeni mwa soko la kijijini, si kumwambia ukweli, la hasha, bali kuomba springi ndefu zaidi ili akae juu zaidi!

Pak Ngadiran, mzee wa miaka sitini na tatu asiye na haraka, alifungua plastiki. Akatoa mto wa kwanza. Akatoa wa pili. Ngozi ya kiti ilipojitokeza, akaipapasa kwa kidole. Upande wa kulia ilikuwa bado ina rangi yake. Upande wa kushoto ilikuwa imeliwa mpaka inang'aa.

"Kiti hakioni haya kama anayekikalia," anasema fundi huyo tulipomtembelea. "Kilikuwa kinaniambia kila kitu. Lakini mimi mwanamume, nitamwambiaje Yu Tarmi jambo kama lile? Nikamwita mke wangu."

Mkewe, Bu Parsi, hana dogo. Alitazama kiti, akamtazama mteja, akamvuta nyuma ya pazia. Pak Ngadiran anasema alisikia sauti ya mkewe mpaka nje: "Kiuno gani, Yu! Unaniona mtoto mimi? Geuka hapa!"

Siku hiyo hiyo Bu Parsi alimsindikiza zahanati, akamtafutia muuguzi wa kike, akamsemea yeye. Jipu likatumbuliwa na kusafishwa, dawa ikatolewa, na amri: siku kumi asiguse kiti. Yu Tarmi alitii kwa namna yake. Aliisukuma baiskeli kwa miguu hadi soko la karibu, akauza robo ya mzigo, akarudi akiisukuma.

Siku hizo kumi Pak Ngadiran alishughulika na kiti. Alikaza nati iliyo chini ya pua ya kiti, ile ncha ya mbele, hadi ngozi ikavutika kama ya ngoma, akaipaka mafuta ya kondoo, akakishusha vidole viwili. Kisha akaweka juu yake glasi ya chai iliyojaa pomoni. Chai ilikuwa inamwagikia mbele. Akalegeza, akainua pua kidogo, akaweka glasi tena, hadi chai ikatulia. Ndipo akainywa.

"Watu wanadhani kiti laini ndicho kizuri," anaeleza. "Laini unazama, na ukizama unabanwa pasipotakiwa kubanwa. Mtu ana mifupa miwili ya kukalia. Ikae hiyo, basi."

Bu Parsi akaongeza yake: suruali isiyo na mshono mnene katikati, nguo kavu ya kubadili mjini, kunawa na kujikausha vizuri kila arudipo, na kila baada ya kilomita mbili kunyanyuka kidogo ili hewa ipite.

Lakini bado lilibaki swali la upande wa kushoto. Kwa nini ngozi iliwe upande mmoja? Fundi aliuliza mizigo inapangwaje. Jibu likatoka shingo upande: tempe ziko sawa kwa sawa, ila wakati wa kurudi kuna maagizo ya majirani. Sukari ya huyu, mafuta ya yule, sufuria ya bi harusi, na yote huingia tenga la kushoto kwa sababu ndilo lililo karibu na mkono wake anaposhuka. Miaka thelathini na moja hajawahi kumwambia mtu hapana. Siku nyingine kushoto kunafika kilo kumi na tano huku kulia hamna kitu, naye anapinda nyonga kusawazisha.

"Fundi aliniambia nikatae maagizo," anasema Yu Tarmi. "Nilijaribu, haki ya Mungu! Mdomo ulifunguka, neno likagoma. Nikasema, sawa nitaleta, lakini utafute mwenzako."

Ndivyo ulivyozaliwa utaratibu ambao sasa kijiji kizima kinaufuata. Hakuna kuagiza peke yako. Unayetaka sukari kilo mbili, tafuta mwingine anayetaka kitu cha kilo mbili, mje pamoja, mmoja kushoto, mmoja kulia. Jioni utasikia mtu anapita anatangaza, "Mafuta lita tatu yanatafuta mwenzake!" Bu Lasmi na Bu Wiji, waliokuwa hawasemezani tangu kuku wa mmoja ale mpunga wa mwingine, wiki iliyopita walikuja getini pamoja, kila mmoja na kilo tatu zake, na waliondoka wakibishana bei ya unga.

Idi imeshapita; turudi barabarani. Kilomita ya kumi na nne, kukiwa kumeanza kupambazuka, Yu Tarmi ananyanyuka juu ya kiti, kama alivyofanya gizani bila kuonekana.

"Umesimama!" Retno anapiga kelele.

"Thubutu! Nimenyanyuka. Kusimama ni baiskeli kusimama!"

"Mkataba ulisema kusimama."

"Mkataba ulisema njiani, na mimi niko juu ya pedeli. Muulize mwandishi!"

Mwandishi, akiwa amepakiwa na upande mmoja na kupewa vifurushi vitatu vya tempe na upande wa pili, aliamua kwamba baiskeli ilikuwa inatembea. Retno hakuridhika, lakini alicheka.

Tunaingia Beringharjo saa moja kasoro dakika kumi. Habari zimeshatangulia. Wachuuzi wameacha mizani, wapagazi wameegemea mikokoteni, na mnunuzi yuko bandani, bwana mpole mwenye kofia, anakoroga chai ambayo imeshapoa. Mbele yake kuna benchi la mti wa msaji, gumu, halina hata kipande cha kitambaa.

Yu Tarmi anaegesha baiskeli. Anakwenda kubadili nguo, anarudi. Watu wanajisogeza. Anakaa.

Hakukaa kwa kujaribu kama alfajiri. Alijitupa puu, benchi likalia, akaagiza chai, akaagiza wali na fenesi. Akamaliza, akaagiza sahani ya pili. Retno alikuwa amesimama bado, mkoba kifuani. Akainama akanong'ona.

"Bu, niambie kweli. Kidonda hakiumi? Au ni kiuno tena?"

Yu Tarmi akaweka kijiko chini. Akawatazama watu wote wale, wengine wamenunua tempe zake tangu hawajaota ndevu. Uso ukamwiva. Kisha akalitamka, kwa sauti ya kuuzia tempe:

"Makalio yangu ni mazima!"

Soko lilipasuka kwa vicheko. Mwenye banda aliangusha birika. Bwana mwenye kofia alisimama, akasogea kwenye baiskeli, akakigusa kile kiti kwa heshima, kisha akanunua vifurushi kumi vya tempe na kwenda zake na milioni tatu zake.

Retno alikaa benchini karibu na mama yake. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakujificha.

Yu Tarmi sasa ana mpango mwingine. Mwezi ujao anataka kwenda Magelang kwa baiskeli hiyo hiyo, kilomita sitini na kitu, nyingi zikiwa za kupanda, alale njiani Muntilan kwa binamu yake. Miaka sita bintiye anafundisha huko na hajawahi kufika kwa miguu yake mwenyewe, kila mara amepelekwa kama mzigo.

Retno alifungua mdomo kukataa. Akaangalia benchi, akaangalia sahani mbili tupu, akaufunga. Kisha akasema, polepole:

"Basi ukija, niletee tempe. Vifurushi hamsini."

Mama yake aliendelea kunywa chai.

"Hizo ni za tenga la kushoto," akasema. "Tafuta mwenzako."