Kompyuta Niliyoichagua kwa Sababu ya Gemu

Aibu hii nimeibeba tangu ujana, na wanangu wenyewe wanaijua nusu tu, ile nusu ya kuchekesha. Leo nawasimulia yote, maana kila nikiketi nanyi hapa nasikia mnabishana mtu akinunua kompyuta ya nyumbani achukue yenye gemu nyingi au ya kazi, halafu mnanigeukia, "Mzee, wewe uliwahi kuwa nayo kabla yetu sote, unasemaje?", nami najifanya sijasikia.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, ile ya mwisho mwisho, miaka ya foleni, sabuni ikisikika tu imefika mtaani watu wanajipanga kwanza, kuuliza baadaye. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja kule Posta, nina kidato changu cha nne (na sikuacha mtu asahau hilo), nimepanga vyumba viwili karibu na Msimbazi. Kaka wa mke wangu alikuwa baharia. Ndiye aliyetuletea televisheni, ingawa Bara hapakuwa na kituo na tulikuwa tunadaka ya Visiwani hali ya hewa ikikubali, na ndiye aliyeniandikia barua kwamba huko alikotia nanga kuna kompyuta za nyumbani, zinachomekwa kwenye televisheni, na ameona mbili za bei moja. Ya kwanza ina gemu kemkem. Ya pili haina gemu ya maana, lakini inakuja na kimashine cha kuchapa maandishi kwenye karatasi. "Chagua, shemeji," aliandika.

Nilichagua ya gemu. Sikufikiri hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Na kupenda gemu si dhambi, ila nilimwambia mke wangu, nikawaambia majirani, nikamwambia na balozi wetu wa nyumba kumi, kwamba nimeagiza mashine ya kazi.

Sasa ukishatangaza mashine ni ya kazi, watu watakutafutia kazi. Balozi wetu, Mzee Kondo, alikuwa na daftari la kaya, na kwa daftari hilo ndivyo tulivyogawiwa unga wa njano, sukari na sabuni kutoka duka la ushirika. Daftari limechakaa, limefutwafutwa, na yeye macho yamechoka. Nikajitolea. Nikaingiza kaya zote kwenye kompyuta, jina la mkuu wa kaya na idadi ya watu wake, nikazirekodi kwenye kaseti (mashine ile ukiizima inasahau kila kitu, kumbukumbu yake ni kaseti ya kawaida kama hizi za taarabu). Kisha nikamwambia Mzee Kondo kwamba daftari limepitwa na wakati, nikazichana karatasi zake, nikampa Bi Tatu afungie karanga.

Bi Tatu alikaa chumba cha uani, mjane, analea wajukuu wawili, pacha wa kike, mama yao alifariki siku ya kuwazaa. Karanga zake hazikutosha kitu. Mgao ndio uliomweka mjini yeye na watoto wale.

Mimi huku nikawa mcheza gemu. Nikitoka kazini nafunga pazia, namwambia mke wangu asiniingilie, nafanya kazi ya balozi, kumbe narusha kijitu juu ya mashimo mpaka vidole vinauma. Rafiki yangu mmoja akaniazima gemu mpya kwa siku moja tu. Kaseti tupu sina, madukani hakuna, nikachukua moja niliyoamini ina gemu ya zamani niliyoichoka, nikarekodi juu yake. Sikuisikiliza kwanza. Pupa.

Jumamosi ya mgao, asubuhi, mkokoteni ukaleta magunia. Mke wangu alikuwa kwao Moshi msibani, kwa hiyo hapakuwa na wa kunizuia nisitoe televisheni barazani, nikavuta waya kupitia dirishani, nikapanga radio kaseti na kompyuta juu ya meza, nikahutubia watu kama mgeni rasmi: "Ndugu zangu, leo hakuna jina litakalorukwa." Kaseti ikalia mlio wake ule wa kukwaruza, dakika moja, mbili, tano, watu wananyoosha shingo. Kisha muziki ukaanza, na kijitu kikatokea kwenye kioo kinaruka.

Mzee Kondo alisogea karibu, akakodoa macho. "Baba Neema, huyu ni wa kaya ya nani?"

Massawe, mwenye duka la kona, ndiye aliyewasha moto. "Mwandikeni naye, balozi. Anavyoruka ni njaa hiyo."

"Mpeni kilo mbili, ana safari," mwingine akasema.

Walicheka mpaka kuna waliokaa chini. Nikabadilisha kaseti, gemu. Nikabadilisha nyingine, gemu. Nilizungusha macho nitafute mtoto wa kumsingizia, na hata mtoto hakuwepo karibu.

Mzee Kondo hakucheka. Akasema basi kila mtu ataje kaya yake kwa mdomo, na hapo mwenye watu wanne akataja saba, wakasukumana, gunia moja likapasuka, na wale walionicheka dakika chache nyuma wakawa wanatukanana. Mwishoni zilibaki kilo chache. Mzee Kondo akauliza, "Nani hayupo hapa, hajapata?"

Nilimkumbuka. Bi Tatu alikuwa ameondoka alfajiri kumpeleka hospitali mjukuu mmoja mwenye homa, na mwenziwe amemshika mkono. Jina lake nililiandika kwa vidole vyangu: Tatu, watu watatu. Nikafungua mdomo, nikamwona Massawe ananitazama, ameshaanza kutabasamu, anangoja niseme neno apate la kuongeza. Nikaufunga. Wengine walidhani ameshachukua. Kilichobaki wakagawana waliokuwepo, na nyongeza ile nami nilipewa, nikaipokea.

Alasiri akarudi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Fungu langu mmeliweka wapi?"

"Kaseti ilifutika, bibi."

"Mimi kaseti siijui. Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Hukunikumbuka?"

Nikamwambia nilisahau. Akanitazama kidogo, akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Haya. Binadamu tunasahau," akasema, akaenda uani.

Kesho yake nilimpelekea nusu ya unga wetu, akanishukuru, na shukrani ile iliniuma kuliko tusi. Mgao uliofuata ulichelewa sana. Kabla haujafika, alimpeleka pacha mmoja Kisarawe kwa jamaa zake, yule mwenye afya, kwa sababu mgonjwa hakuweza kusafiri. Alikusudia iwe kwa mwezi mmoja. Watoto wale hawakulelewa pamoja tena.

Sijamiliki kompyuta nyingine tangu hapo, na sitamiliki. Lakini mmeniuliza, nawajibu: kama moyo wako unataka gemu, nunua ya gemu, na ukiulizwa sema ni ya gemu, wakucheke siku hiyo hiyo yaishe. Mimi nilikwepa kicheko kidogo siku ya kuagiza kwa maneno ya kikubwa, nikaja kukikwepa tena barazani kwa kunyamaza, na mara ya pili aliyelipa si mimi.

Bi Tatu alifariki miaka mingi baadaye, bado akiamini nilimsahau.