Chuma cha Moto na Tangi Tupu

Mimi ni mwoga, na huku kwetu hakuna asiyejua. Mto ukijaa naogopa mafuriko, ukipungua naogopa mamba. Naogopa malori barabarani na fisi karibu na boma. Mume wangu Jaldesa husema siku nikikosa kitu cha kuogopa nitaingiwa na hofu kwa kukikosa. Mzaha huo huucheka mwenyewe.

Lakini hofu yangu kubwa ina mahali ilipoanzia. Nikiwa msichana nilikaa Garsen kwa shangazi yangu Zamzam, aliyekuwa akiuza petroli kwa chupa kando ya barabara. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma. Siku moja mteja alimletea pipa la petroli amkatie upande wa juu, apate chombo cha kuwekea maji. Pipa lilikuwa tupu, hata tone halikuwamo. Fundi aliligonga kwa nyundo likaitika tupu, akawasha mashine yake. Sitasimulia nilichokiona. Nitasema tu kwamba kipande cha pipa kiliokotwa nyuma ya msikiti, na fundi yule hakurudi tena kazini. Shangazi alinikumbatia, akaniambia, "Pipa lililojaa lina petroli tu, Kadra. Hili tupu lina hewa ya petroli, na hewa hiyo ndiyo iliyopasuka." Tangu siku ile, hata kibiriti nakiwasha nikiwa nimekunja uso.

Basi mtu kama mimi akaolewa na Jaldesa, ambaye haogopi kitu kwa sababu hafikirii kitu mpaka kimfikie. Ni mtu wa ng'ombe tangu kuzaliwa. Ng'ombe akiugua, yeye huweka sikio ubavuni mwake, akasikiliza, akajua. Ule ukame mkubwa ulipokuja, ng'ombe walianguka mmoja baada ya mwingine, na Jaldesa akawa anatoka asubuhi kwenda kuwainua kwa mkia wale walioshindwa kusimama. Mwishowe tulibaki na majike machache. Mimi nikawa nabeba madumu ya maziwa kwa miguu mpaka Garsen, na jua la huku halina huruma na maziwa. Nikifika sokoni yamechacha, wateja wananusa, wanageuza uso. Jaldesa aliona nikirudi nayo, akanyamaza. Kunyamaza kwake pia nakuogopa.

Siku moja tulikwenda kijiji cha Wema kwa Asenath, mkulima tuliyezoea kubadilishana naye maziwa kwa ndizi. Chini ya migomba yake palikuwa na pikipiki, au niseme palikuwa na kitu kilichowahi kuwa pikipiki. Mwanawe aliiacha alipokwenda Mombasa, na mafuriko yakapita juu yake. Magurudumu yalikuwa yamezama kwenye tope kavu. Cheni ilikuwa imeshikana kwa kutu, na nyigu walikuwa wamejenga ndani ya taa.

"Hiyo kitu iko hapa tangu maji ya mafuriko," Asenath alisema. "Saa hii wenye kuiendesha ni kuku. Wanataga hapo kwa kiti."

Jaldesa aliizunguka. Halafu akachuchumaa, akaweka sikio kwenye injini. Nikajua tumekwisha.

"Baba Nuriya," nikamwambia, kwa jina la mtoto wetu, "twende nyumbani."

"Haijafa," akanijibu. "Ina njaa tu."

Tulimwachia Asenath ndama dume, na pikipiki ikaja kwetu juu ya mkokoteni wa punda, imefungwa kamba kama mgonjwa. Njia nzima nilitembea mbali nayo.

Akaanza kuitibu uani, chini ya turubai. Alipofungua kisanduku cha kuchujia hewa akatoa ngozi ya nyoka, nami nikapiga kelele mpaka majirani wakaja na fimbo. Nyoka mwenyewe alikuwa ameshahama. Nyigu walipotoka kwenye taa nikapiga kelele. Alipoipiga teke la kwanza ikakohoa moshi mweusi, nikapiga kelele nikiwa nimeshika mlango. Mwishowe majirani waliacha kuja. Wakinisikia, walisema, "Ni Kadra na pikipiki yake," wakaendelea na chai.

Plagi na nyaya alizipata kwa Jamal, fundi wa pikipiki mjini Garsen. Jamal ndiye aliyemfundisha kuosha tangi lililoota kutu ndani. Unalitoa kwenye pikipiki, unatia petroli kidogo na kokoto, unalitikisa mpaka mikono ife ganzi, kisha unamwaga. Jaldesa alifanya hivyo hivyo. Halafu akafanya jambo ambalo Jamal hakumwambia. Sisi kibuyu cha maziwa kikishaoshwa hatukiachi wazi hata kidogo, maana vumbi na nzi ni adui wa maziwa. Kwa hiyo Jaldesa, aliyelelewa hivyo, aliposhamwaga ile petroli akakaza mfuniko wa tangi na kulianika juani. Mimi sikuliona likifungwa. Nilikuwa njiani na madumu yangu.

Sasa hapa lazima nimtaje baba mkwe wangu, ingawa kumtaja ndiko kusikowezekana. Kwetu mke hasemi jina la baba wa mumewe. Hamwangalii usoni, na akiwa na neno kwake humpitishia mumewe. Jina la mzee ni rangi mojawapo ya ng'ombe katika lugha yetu, kwa hiyo hata ng'ombe wa rangi hiyo mimi humwita "yule wa makaa". Tangu niolewe neno lile halijapita mdomoni mwangu. Mzee naye ni mtu mkali, mrefu, mwenye maneno machache. Naye pia nilimwogopa, bila shaka.

Mzee alikuwa hajaijali pikipiki. Jioni hiyo akaja, akaitazama, tangi likiwa bado pembeni, akamuuliza mwanawe, "Hii ni mali?"

"Ni mali, baba."

"Yako?"

"Yangu."

"Mbona haina alama? Ikipotea utaitambua kwa sauti yake?"

Niliona uso wa Jaldesa ukifunguka. Chuma cha kutilia ng'ombe alama ya ukoo kilikuwa kimeninginia nyumbani kwa mzee tangu ukame, kwa kuwa hakukuwa na ndama wa kutiwa alama. Mzee kuitaja alama ilikuwa kama kusema mwanawe amekuwa tena na kitu. Jaldesa aliniambia baadaye, "Baba atakuja kuitia alama." Mimi nilikuwa nimeona mkebe wa rangi nyekundu uani. Nikadhani watapaka rangi. Asubuhi nikaenda zangu sokoni.

Nilikuwa narudi, madumu yakigongana mgongoni, nilipoona moshi nyumbani. Haukuwa wakati wa kupika. Nikaanza kwenda mbio kabla sijajua kwa nini. Nilipofika kwenye ua wa miiba nikaona.

Jaldesa alikuwa amechuchumaa mchangani, tangi amelibana katikati ya mapaja na kulikumbatia kwa mikono miwili, vile anavyobanwa ndama ili asirushe mateke. Mfuniko ulikuwa umekazwa. Mbele yake mzee ameinama, anachomoa chuma kwenye makaa. Ncha yake ilikuwa nyekundu.

Miguu yangu ilikataa. Nikasikia nyundo ya yule fundi wa Garsen ikigonga pipa.

"Baba Nuriya! Wacha! Weka chini!"

Jaldesa aliinua kichwa akatabasamu. "Ameona nyoka mwingine," alimwambia baba yake.

"Tangi lina petroli!"

"Ni tupu, Mama Nuriya. Nimelimwaga jana."

"Hilo tupu ndilo linaloua! Tupa! Nakuomba, tupa!"

Akatikisa kichwa, anacheka. Wa kumlaumu ni nani? Nilikuwa nimempigia kelele kwa nyigu, kwa moshi, kwa ngozi ya nyoka asiyekuwepo. Hofu yangu yote nilikuwa nimeitumia kwa vitu vidogo, na sasa nilipoihitaji haikuwa na bei. Mzee hata hakugeuka. Mwanamke akipiga kelele yeye hungoja zipite, kama mtu anavyongoja mbuzi wapite njiani. Akainua chuma, akapiga hatua, akakielekeza kwenye tangi lililokuwa mapajani mwa mume wangu.

Nikaita.

"Guracha!"

Chuma kilisimama hewani. Kati yake na tangi pangetosha kiganja cha mtu. Mzee aligeuka taratibu, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie katika familia yake. Nikakaa chini pale pale nilipokuwa, madumu yakaviringika.

Jaldesa alisimama ghafla, tangi likaanguka mchangani. "Kadra! Umesema nini?" Akatazama pande zote kwa aibu. Nami nilikuwa nikitazama mchanga. Nilijua nilichokifanya. Mwanamke anaweza kurudishwa kwao kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Mwambie baba yako," nikasema, maana hata katika hofu ile sikuthubutu kumsemesha tena, "mwambie nimeona pipa tupu likimuua mtu Garsen." Nikaeleza yote, vipande vipande, huku nikilia.

Mzee alimuuliza mwanawe, "Uliliosha kwa kitu gani?"

"Petroli na kokoto."

"Halafu ukalifunga?"

"Nililifunga, baba. Vumbi lisiingie."

Mzee aliwaza. "Lipeleke nje ya ua, mbali, nyuma ya kichuguu. Fungua mfuniko, tutalisogezea moto. Kama mke wako amesema uongo, tangi halitapata dhara lolote, na mimi na yeye tutakuwa na mazungumzo."

Walichukua ule mti mrefu tunaosukumia miiba ya ua, wakafunga kitambaa nchani, wakakiwasha. Walilala upande wa huku wa kichuguu, tangi likiwa upande wa pili. Mzee akausogeza mti taratibu mpaka moto ukafika kwenye mdomo wa tangi. Niliziba masikio, nikafumba macho, nikasoma dua zote ninazozijua na nyingine nikaziunga mwenyewe.

Mlio ule ulinipita kifuani. Nilipofumbua macho mbuzi walikuwa wametawanyika mpaka kwenye vichaka vya miiba vya mathenge, na vumbi lilikuwa limesimama juu ya kichuguu. Nikaita jina la mume wangu, mara nyingi, mpaka akajibu. Alitokea akiwa mzima, mweupe kwa vumbi. Tangi lilikuwa limepasuka kwenye maungio yake kutoka mwanzo hadi mwisho, limefunuka. Jaldesa alilitazama kwa muda. Kisha, bila kujua anafanya nini, akajishika mapaja yake kwa mikono miwili, pale alipokuwa amelibana, akakaa chini.

Mzee aliokota chuma chake, kilichokwisha kupoa, akaondoka. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Mlipuko ulikuwa umepita. Jina lilikuwa bado hewani, na kila aliyekuwa karibu alilisikia.

Nilikesha macho yakiwa makavu. Jaldesa naye hakulala. Aliniambia, "Akisema urudi kwenu, nitakuja na wewe," nikajua hata yeye anaogopa, na hilo halikunisaidia.

Asubuhi mzee aliniita. Nilikwenda nimejifunika, nikakaa kwa ubavu, uso nimeugeuzia ukuta kama inavyotakiwa. Mume wangu alisimama mlangoni ili apeleke maneno, lakini mzee alimwashiria anyamaze, akanisemesha mwenyewe.

"Binti, jina langu limetoka kinywani mwako."

"Ndiyo, baba."

"Kwa sauti."

"Ndiyo, baba."

"Jirani wa ng'ambo alilisikia, amekuja kuniuliza nani amekufa."

Ukutani niliona kivuli cha mkono wake kikifika kwenye kile chuma na kukiacha.

"Nimezika ng'ombe wengi," akasema. "Jana ningemzika mwanangu, na chuma kingekuwa mkononi mwangu. Jina hilo usiliseme tena. Lakini siku nyingine ukiniona na moto mkononi, usipoteze muda kumwita huyu. Anza na mimi."

Sasa pikipiki ina tangi lingine, kuukuu, kutoka kwa Jamal. Alama ya ukoo ipo juu yake, imepakwa kwa rangi nyekundu na mkono wa mzee mwenyewe, imepinda kidogo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila asubuhi Jaldesa hufunga madumu nyuma, na maziwa hufika Garsen yakiwa matamu. Mimi husimama kwenye ua wa miiba mpaka mlio upotee, nikiogopa malori, ng'ombe wanaovuka barabara, mchanga wa kwenye kona, na kila kitu. Mzee hupita nyuma yangu akienda kwa mbuzi wake, haniangalii. Ila akiwa amebeba kaa la moto la kuwashia kwake, hupita upande wa mbali kabisa na turubai la pikipiki, na kabla hajapita hukohoa, nimwone.