Wavuvi Waliolala Nje

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo ninaiona mbele yangu kama ya jana, na leo nataka nikugawie. Ilikuwa wakati wa korona, hapa hapa Sydney, mwaka ule tuliofungiwa sisi watu wa magharibi ya mji kuliko wengine wote. Nilikuwa nikikaa Lidcombe, ghorofani, peke yangu. Binti yangu Zainabu ni nesi kule Westmead, na kwa kuogopa kuniletea maradhi alihamia kwa wenzake wa kazini. Akija, huweka mfuko wa vyakula mlangoni, akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi, akanipungia mkono kutoka huko. "Mama, please, usitoke," ndiyo ilikuwa salamu yake. Nami huyatazama yale macho yaliyochoka juu ya barakoa, nikafunga mlango, nikalia kidogo, kisha nikapanga vitunguu vyangu.

Jirani yangu wa ubavuni alikuwa mzee wa Kizungu, jina lake Ken, amenizidi umri kidogo. Kabla ya korona tulikuwa watu wa kusalimiana kwenye lifti tu. Lakini roshani zetu zilitenganishwa na kipande cha kioo kizito, kile usichoona upande wa pili, na kila asubuhi yeye alikunywa chai kwake na mimi kwangu. Mtu akifungiwa hujikuta anaongea. Tulianza na habari za mvua, tukaingia kwenye helikopta za polisi zilizokuwa zikituzunguka, halafu mahamri yangu yakavuka juu ya kile kioo na sahani yake. Baada ya hapo tukawa marafiki.

Ken alikuwa akiandika kitabu. Baba yake alikuwa mvuvi hapa Sydney, kwenye zile meli zinazokokota wavu chini kabisa ya bahari. Vita vya pili vya dunia vilipofika, jeshi la wanamaji lilizichukua meli hizo pamoja na wavuvi wake, likawapa kazi ya kufagia mabomu yaliyotegwa majini. Kwa miaka mingi Ken alikuwa akiwatafuta wavuvi hao: nani alikwenda, nani alirudi, nani alizama. Sasa maktaba zimefungwa, na wale watoto wa wavuvi aliokuwa akiwapigia simu, wazee wenzake, mmoja mmoja waliacha kupokea. Naye moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alihofu ataondoka kabla hajamaliza.

"Meli zote nazijua," aliniambia. "Mtu nisiyemjua ni baba yangu. Hakuwahi kutamka hata neno moja la vita."

Asubuhi hiyo ninayokusimulia, aliniuliza baba yangu mimi alifanya kazi gani. Nikamwambia alikuwa mvuvi wa Likoni, Mombasa, jina lake Bakari. Na wakati wa vita hivyo hivyo Waingereza walileta meli za namna hiyo Kilindini, wakaandika vijana wa pwani waliozoea maji, baba akiwamo.

Nikasikia kikombe kikitua mezani.

"Fatuma, usiondoke hapo," alisema. "Yeye alizungumza?"

"Alizungumza? Baba yangu ukimwanzisha, humnyamazishi."

Hapa lazima nikurudishe kwenye usichana wangu, mwanangu, ndipo uelewe nilichomwambia.

Baba yangu hakuwa akilala ndani. Kiangazi na masika, kitanda chake cha kamba kilikuwa barazani, na mvua ikimpiga alikisogeza ukutani tu. Wasichana wenzangu wakawa wananiuliza kama mama amemfukuza. Nikamwendea mama jikoni, nikamwambia yanayosemwa mtaani. Mama akaacha kukuna nazi, akanikazia macho. "Mwenyewe yuko pale nje anashona nyavu, na mdomo anao," alisema. "Unakuja kunisomea mimi maneno ya watu kwa nini? Nenda kamuulize." Mama alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Nikatoka mbio kwenda kwa baba kabla ujasiri haujaniishia.

Baba hakukasirika. Alisogeza nyavu, nikakaa karibu naye.

"Meli inapofagia mabomu," aliniambia, "hakuna anayeshuka chini. Bomu likilipuka, aliye tumboni mwa meli hatoki. Kula tulikula juu, kulala tulilala juu, na boya limefungwa kifuani. Mwenzetu mmoja alishuka kufuata tumbaku yake." Hapo alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Tangu siku ile nikiwa chini ya dari usingizi haunijii. Mama yako hajanifukuza. Mama yako ndiye anayeniletea shuka."

Hayo ndiyo niliyomsimulia Ken, neno kwa neno. Nilipomaliza, nikasikia kiti chake kikisogea. Nikadhani ameingia ndani. Kisha nikamsikia, sauti imekuwa ndogo.

"Baba yangu alilala verandani miaka yote. Mama alituambia ni kwa sababu hapendi kelele zetu. Na mara nyingine nilikuwa nikiamka niko nje, kwenye baridi, kando yake. Alinibeba nikiwa usingizini. Nilidhani ananiadhibu, ila sikujua nimekosa nini. Sasa nina wajukuu, na bado sijui nimekosa nini."

Mwanangu, niliinuka kitini. Kwa sababu na sisi tulibebwa. Usiku ambao baba aliota vibaya, tuliamka asubuhi tumelazwa barazani wote, tumefunikwa shuka moja, na yeye ameketi anatutazama.

"Ken," nikamwambia, "hukukosa kitu. Alikuwa akikutoa chini, tumboni mwa meli. Baba yangu alitutoa sisi sote."

"Alikuwa ananitoa," alisema. Akarudia tena, polepole, kama mtu anayejifunza lugha. Kisha yule mzee akalia. Sheria haikuniruhusu kwenda kwake, na kile kioo kilikuwa kati yetu, basi nikaweka kiganja changu juu ya kioo na nikakaa hapo mpaka aliponyamaza. Sijui kama alikiona.

Tangu siku hiyo kazi ya kitabu ikawa yetu wawili. Yeye aliuliza, mimi nilijibu kwa mdomo wa baba: jinsi waya mrefu ulivyokata kamba ya bomu, bomu likaelea, wakalipiga bunduki kwa mbali; jinsi samaki walivyokufa kwa mlipuko wakajaa juu ya maji, na wale vijana, wavuvi ni wavuvi, wakawaokota na kuwapika kwa nazi huku ofisa wao akipiga kelele. Ken alicheka mpaka akakohoa. Alisema sasa anamsikia baba yake akicheka humo melini, jambo ambalo nyumbani hakulisikia.

Alikuwa na mwana mmoja, anaishi Perth, upande wa pili wa nchi, na hawakuwa watu wa maneno mengi. Akaanza kumpigia simu. Mipaka ya majimbo ilipofunguliwa, yule mwana akaja, jitu zima la mikono migumu. Ken alinigongea mlango. "Mwambie kama ulivyoniambia," aliniomba. "Nikieleza mimi, ninaharibu." Nikamkaribisha, nikamsimulia. Alisikiza amesimama, kofia mkononi. Nilipofika kwenye kubebwa, alimgeukia baba yake, akamshika bega, na kwa muda mrefu hakuutoa mkono wake.

Kitabu kilitoka. Ndani yake, baada ya wavuvi wa Sydney, wamo wa Kilindini, na Bakari wa Likoni ametajwa kwa jina. Zainabu alinisomea kwa sauti sebuleni, naye, aliyezoea kunijibu kwa Kiingereza, siku hiyo aliniuliza kwa Kiswahili: "Mama, babu alikuwa mtu wa namna gani?" Tukazungumza mpaka chai ikapoa. Ken alitangulia mbele ya haki mwaka uliofuata, kwa utulivu, mwanawe akiwa kando yake.

Namshukuru mama kwa ukali wake wa siku ile jikoni, namshukuru baba kwa kusogeza nyavu nikae, na namshukuru Ken kwa kuniuliza swali ambalo kwa miaka yote ya kuishi nchi hii hakuna aliyeniuliza.

Basi nasaha yangu ni hii. Jambo la mzee wako likikutatiza, usichukue maelezo ya mtaani. Nenda kwake mwenyewe, umuulize kwa adabu, na umuulize angali yupo. Akikusimulia, lishike vizuri, hata kama limekurudia mara ya kumi. Na ukiulizwa wewe, jibu, usiseme habari za kwetu zitamfaa nani huku. Huwezi kujua nani upande wa pili wa ukuta amelibeba swali ambalo jibu lake wamekuachia wazee wako.

Mwenyezi Mungu akupe wazee wa kukujibu na watoto wa kukuuliza. Akulaze salama popote ulipo, akuamshe salama, na asikuache ukaishi ukidhani hukupendwa. Amina.