Mtoto wa Meno ya Juu

Vuta kigoda ukae kwanza, maana hii ukiisikiliza umesimama utaniacha katikati uende zako. Nilipokuwa mtoto, kule juu milimani, upande wa Mhezi, watu walikuwa wakinikwepa asubuhi. Mchana hapana. Mchana walinisalimia, wakanituma, wakanikatia na muwa. Ila alfajiri, kabla mtu hajashika kazi yake ya kwanza, hakuna aliyetaka macho yake yakutane na yangu.

Sababu ilikuwa meno. Mimi niliota ya juu kabla ya ya chini, na mtoto wa hivyo ni kigego, mtoto wa mkosi. Zamani za mababu hakuachwa aishi. Mimi nilikuta watu wameshabatizwa, uhuru umeshapatikana, mkutanoni tunaimba ujamaa, kwa hiyo niliachiwa roho yangu. Lakini ukikutana nami asubuhi ulipaswa kugeuza urudi kwako, kwani safari imeshaharibika.

Mama hakubishana na mtu. Alinituma maji alfajiri kama watoto wengine. Bibi, mama mzaa baba, alikuwa akimwambia aniache nilale mpaka watu wapite. Mama anaitikia, "Sawa, mama," halafu kesho yake ananiamsha vilevile.

Sasa kule kwetu maji ya mashamba tunayakusanya kwenye ndiva, bwawa la kujenga kwa mawe na udongo. Jioni linazibwa, linajaa usiku, asubuhi mwenye zamu anakwenda kulizibua, maji yanashuka na mfereji mpaka shambani kwake. Siku hiyo zamu ilikuwa ya jirani yetu, Mzee Kirangi, na huko juu msituni mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikakutana naye konani, mimi na kibuyu changu, yeye na jembe begani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aligeuka palepale, akarudi kwake, na baadaye tukasikia alipanda tena kitandani.

Ndiva haikuzibuliwa. Maji yakazidi, yakazidi, na jua lilipopanda kidogo ukuta ukaachia. Tope lote likateremka, na shamba la kwanza kulipokea lilikuwa letu. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Hukuona hata jani.

Jioni uani kwetu kukajaa watu. Mzee Kirangi akaeleza kwa upole kabisa kwamba alikuwa anakwenda kuzibua, akakutana na mimi. Wote wakaelewa. Yaani walichoelewa ni kwamba mimi nimebomoa ndiva.

Mama akauliza, "Mzee, mtoto alikushika mguu?"

"Hakunishika."

"Basi ukuta umeangushwa na aliyerudi kulala."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Lakini pale mkubwa alikuwa bibi, na bibi akasema nipelekwe chini Same kwa shangazi, ambaye mume wake alikuwa akikata mkonge. Huko watu wamekusanyika wa kila kabila, akasema, hakuna anayeuliza nani aliota meno gani kwanza. Baba akaitikia kwa kichwa. Nikajua nimeshapelekwa. Same niliijua kwa kuiangalia tu kutoka juu, vumbi na mabati yanayong'aa, na shangazi mwenyewe nisingemtambua hata angenikanyaga.

Mama akaomba nikae mpaka mavuno, maana ana shamba la kufukua na mikono hana. Bibi akakubali, mpaka mavuno.

Kesho yake pembe ikapigwa, msaragambo, kijiji kizima kikatoka kujenga ukuta upya. Mama alinibebesha mawe mbele ya macho ya watu, tena asubuhi. Mchana tukashuka kwenye tope letu. Sikumsikia akiyalilia maharage yake, nikamuuliza kama hana hasira. Akasema hasira anayo, na mbegu anayo, ila mvua haitamngoja amalize kukasirika ndipo apande. Tukaokota mawe, tukapanda maharage upya, na pale penye unyevu tukaweka magimbi.

Kumbe lile tope, majani ya msitu yalikuwa yameozea mle miaka na miaka! Maharage yalitoka mpaka watu wakawa wanasimama njiani kuangalia. Bibi mwenyewe alikuja na kikapu, akachuma, akakaa akamenya na sisi. Habari ya shangazi haikutajwa tena.

Basi na jina langu likageuka. Ikasemwa kwamba mkosi wangu ni wa njiani, ukiingia shambani unakuwa heri. Msimu uliofuata, siku moja alfajiri, nasema alfajiri, nani anabisha hodi? Mzee Kirangi, na mbegu za mahindi kwenye kofia yake, na mkononi ndizi mbivu. Akamwomba mama niende nikamdondoshee punje za kwanza. Mimi nilishaanza kunawa miguu.

"Mzee wangu," mama akamwambia, "huyu anaitwa Nakijwa. Ukitaka wa kukusaidia kupanda, akitoka shule nitakuja naye, tupande wote mpaka jioni. Ukitaka bahati, humu ndani hatuna."

"Sasa mama Nakijwa, hata mtoto kusifiwa unakataa?"

"Nakataa. Mwaka mahindi yako yakikauka utanirudishia mkosi."

Akacheka, akaondoka na kofia yake. Ndizi aliziacha. Mimi nililia siku ile kuliko siku ya ndiva. Mara ya kwanza maishani mwangu mtu ananitafuta alfajiri, na mama yangu mwenyewe ananifungia mlango! Mchana tulikwenda kweli, tukapanda naye. Mahindi yake yakatoka ya kawaida tu, na hakuna aliyeyasemea neno.

Shule niliishia la nne, miguu yangu haikutaka dawati. Same nilishuka mwenyewe baadaye, kwa hiari, na nimeipenda. Nauza tangawizi. Wiki biashara ikichangamka wenzangu wananiambia nina nyota, ikidoda wananiambia kuna mtu kanifanyia kitu. Nawasikia. Nafunika meza yangu, naenda kupika, nalala usingizi mzuri. Usingizi huo alinipa mama, ingawa yule mtoto niliyekuwa, aliyenawa miguu, simlaumu, na mpaka leo namwonea huruma kidogo.

Sasa nikuulize wewe uliyekaa hapo. Mtu aliyemkimbia mwanao mwaka jana amesimama mlangoni, anamwita heri, na mtoto anakuangalia usoni anasubiri. Ungemwacha aende?